Wekundu wa Kolo

Kila geti jipya la Tabata huanza maisha yake likiwa jekundu. Pita barabara inayotoka Relini kwenda Segerea, utaona mageti na grili za madirisha zimeegeshwa kando ya lami, zimepakwa rangi ile ya hudhurungi iliyokolea ambayo mafundi wa kuchomelea wanaiita redoksaidi. Mwenye mali akija ndipo anapochagua nyeusi, au kijivu, au rangi ya dhahabu kwenye ncha za mikuki. Wekundu unabaki chini. Hauonekani tena, ila kazi ni yake.

"Dada, usipoitanguliza hii, masika moja tu geti linaanza kulika," fundi mmoja wa Tabata Bima aliniambia, brashi mkononi. Nilimuuliza imetengenezwa na nini. Akacheka, akanielekeza duka la vifaa vya ujenzi lililo ng'ambo ya barabara. Muuza duka naye akanitolea mfuko wa unga mwekundu wanaochanganya na saruji, ule wa sakafu nyekundu za nyumba za wazazi wetu, zilizosuguliwa kwa nta mpaka zikang'aa. Rangi ya kopo na unga wa mfuko, akasema, ni ndugu wa tumbo moja.

Alisema kweli, na undugu huo ni mpana kuliko duka lake. Kinachoipa redoksaidi rangi yake ni oksidi ya chuma, yaani chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni kiasi chote kinachoweza, hivyo hakina tena cha kuliwa. Geti linakingwa na kutu kwa kupakwa utando uliojaa kutu iliyokamilika. Unga huo siku hizi unatoka viwandani. Mwaka 1925 mkemia Julius Laux, huko Uerdingen nchini Ujerumani, alipata njia ya kuuzalisha pamoja na anilini, na rangi ya chuma ikawa bidhaa ya mapipa na magunia. Lakini kabla ya kiwanda chochote ilichimbwa ardhini, na bado imo ardhini. Kifusi chekundu kinacholetwa na malori kuziba mashimo ya mitaa yetu kina rangi hiyo kwa sababu hiyohiyo. Soksi nyeupe za watoto wa Kisukuru na Kimanga, zinazorudi nyumbani zimebadilika rangi, zimepakwa, bila mtu kukusudia, rangi ya kale kabisa katika historia ya binadamu.

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nilitaka kufika mahali ambapo watu wa nchi hii waliichukua ardhi nyekundu kwa makusudi, wakaisaga, wakaifanya iseme kitu.

Nilianzia karibu. Kutoka Tabata hadi Milima ya Pugu ni safari ya daladala, na huko ardhi inajieleza yenyewe. Penye ukingo uliokatwa utaona udongo wa juu ni mwekundu wa matofali, na chini yake mwamba laini unaoelekea weupe. Ule mweupe ni kaolini, na hazina ya Pugu inajulikana kwa wanajiolojia kuwa miongoni mwa kubwa. Mahandaki ya machimbo ya zamani sasa ni makazi ya popo. Mvua ikinyesha kwa karne zisizohesabika juu ya mawe ya namna ile, madini mengi huyeyuka na kwenda zake. Chuma hakiendi mbali. Kinakutana na hewa, kinageuka oksidi, kinazivika chembe za mchanga joho jekundu. Pale penye maji mengi zaidi ndani ya madini yenyewe, rangi huwa ya manjano. Ukiuweka udongo huo wa manjano motoni kwa joto la nyuzi 300 hivi, maji yanatoka, nao unakuwa mwekundu. Watu wa kale walilijua hilo bila maabara, na katika mapango ya nchi mbalimbali wamekutwa waliuchoma makusudi ili kupata rangi waliyoitaka.

Huku pwani tuliupa wekundu kazi za nguvu kuliko za urembo. Kuta nene za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo mwekundu, kisha zikapigwa lipu ya chokaa nyeupe juu. Mgeni anapiga picha weupe. Nyumba imesimama kwa wekundu. Maseremala na waunda majahazi walikuwa na ngeu, udongo mwekundu wa kupigia mistari. Fundi aliuchovya uzi ndani ya ngeu, akaukaza juu ya ubao kutoka ncha hadi ncha, akauvuta kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi ulipiga ubao na kuacha mstari mwekundu ulionyooka, msumeno ukaufuata. Jahazi likishakwenda majini hakuna aliyeuona mstari ule tena. Na nyumba za kukandika, za miti na fito, zilizokuwa Buguruni, Ilala na hata Tabata yenyewe ilipokuwa mashamba, zilivaa udongo huo ndani na nje. Anayetaka kuona ujenzi wa namna hiyo leo aende Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichoanzishwa mwaka 1967, ambako nyumba za jadi za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Nilizunguka pale asubuhi moja, nikapitisha mkono juu ya ukuta wa tembe. Ukuta ulikuwa wa baridi na joto la Dar es Salaam lilikuwa nje.

Mtu aliyenifungulia jambo zaidi, hata hivyo, hakuwa wa makumbusho. Ni kijana wa Kimaasai anayelinda usiku lile duka la vifaa vya ujenzi, na mchana husuka nywele za wateja chini ya mwembe. Nilimwonyesha ule unga wa sakafu. Akauchukua kwa ncha ya kidole, akausugua, akatabasamu.

"Hii ni olkaria ya dukani," alisema. "Ya nyumbani inachimbwa, inachanganywa na mafuta ya ng'ombe au kondoo. Ukiipaka hata nzi anakuogopa."

Akanieleza jinsi morani wanavyosuka nywele ndefu na kuzipaka, na jinsi siku ya sherehe ya eunoto inapofika, mama mtu anavyomnyoa mwanawe nywele alizozilea miaka yote ya umorani, kisha kichwa kilichonyolewa kikapakwa wekundu kikang'ara. Morani wengine wanalia waziwazi. Nilimuuliza kama yeye alilia. Akasema, "Dada, ule ni wakati wa kulia." Hapa mjini hapaki, akipaka hapati kazi. Alilisema hilo bila uchungu, nami ndiye niliyeondoka nalo moyoni.

Jina la rangi hiyo limebaki kwenye ramani ya Kenya. Olkaria, karibu na Naivasha, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate, ni mahali Wamaasai walipojipatia udongo huo tangu zamani, na tangu mwaka 1981 ni mahali pa mitambo ya umeme wa jotoardhi. Taa nyingi za Nairobi zinawashwa na mvuke wa mlima uliopewa jina la rangi ya morani.

Safari yenyewe, ya kwenda Kolo kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ilianza kwa treni. Ile ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria hadi huko mwaka 2024, imelibadilisha bara letu kwa watu wa Tabata kuliko wanavyofahamu. Wazee wetu walipanda basi alfajiri na kushuka magharibi wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Sasa unaondoka mjini, unapita juu ya Ilala na Vingunguti, unaiona Pugu ikipita, Ruvu, Ngerengere, na kabla hujamaliza mazungumzo na jirani yako milima ya Uluguru imeshajitokeza. Njia hii inakwenda sambamba na ile reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910. Nilikaa dirishani makusudi nitazame ardhi. Pwani ni mchanga wa kijivu na madoa mekundu; Mkata ni tope jeusi la mbuga; baada ya mahandaki ya Kilosa inaanza nchi kavu, na kwa kadiri unavyoikaribia Dodoma ndivyo ardhi inavyoiva.

Kutoka Dodoma kwenda kaskazini kuna lami hadi Babati, kilomita 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Ni sehemu ya ile barabara kuu iliyokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo. Nilipanda basi dogo la Kondoa, nikakaa na mama mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani na mche wa maembe kwenye ndoo. Tulipoipita Chemba alianza kunionyesha makorongo. "Tazama, mwanangu. Haya yalikula mashamba ya babu zetu."

Makorongo ya Kondoa ni mekundu kama kidonda. Historia yake ni nzito. Mifugo mingi, mioto, miti iliyokatwa na mvua kali viliichuna vilima vya Irangi mpaka serikali, kwa msaada wa Sweden, ikaanzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 ikachukua hatua ambayo wazee bado wanaizungumzia kwa sauti ya chini: ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waliondolewa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Kaya zikaamka bila zizi. Miaka ikapita, nyasi zikarudi, miti ikarudi, na sehemu kubwa ya makorongo ikajifunika. Mama yule alikuwa na maneno mawili juu ya jambo hilo: "Tuliumia. Nchi ikapona." Sikumwongezea neno.

Kolo ni kijiji cha kando ya lami, kilomita ishirini na ushee kaskazini ya mji wa Kondoa. Ofisi ya mambo ya kale ipo hapohapo barabarani; unajiandikisha, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Wangu alikuwa mzee wa makamo ya mwisho, fimbo mkononi, kofia ya kufumwa kichwani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tabata alifurahi kwa sababu ana mjukuu Segerea, na tangu hapo hakuniita mgeni tena.

Barabara ya vumbi inakwenda mashariki kilomita tisa hivi mpaka mguu wa mlima. Baada ya hapo ni miguu yako. Njia ni fupi lakini inapanda wima, kati ya mawe makubwa ya rangi ya kijivu na miti ya miombo, na ukigeuka nyuma unaona kwa nini watu waliuchagua mlima huu. Uko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na mashariki yako nyika ya Wamaasai imelala mpaka macho yanachoka.

"Hapa," mzee alisema, "usiguse kwa mkono, na usimwage maji. Watu wanamwaga maji ili picha zing'ae kwenye simu. Zinang'aa leo, kesho zinafifia."

Kisha akasogea pembeni, nikaona.

Sikuwa nimejiandaa kwa wembamba wa mistari. Vitabu vinaonyesha michoro hii imekuzwa, ikaonekana ya nguvu. Ukiwa mbele ya mwamba ni midogo, mingi haizidi shibiri, na imechorwa kwa mkono ambao haukutetemeka. Watu warefu, wembamba kuliko binadamu yeyote, miili yao imejazwa mistari ya wima iliyokaribiana kama uzi kwenye kitambaa. Vichwa vingine ni vya duara, vimevimba, kana kwamba nywele zimetimuliwa au kuna kitu kimevaliwa. Twiga aliyesimama. Pofu mwenye mgongo wake wa kuinuka. Tembo. Wengine wameinama, wengine wameshikana. Vyote ni vyekundu, wekundu wa aina kadhaa, kuanzia unaokaribia zambarau hadi ule hasa wa geti la Tabata kabla mwenyewe hajaja kuchagua rangi.

Juu ya michoro hiyo, mahali pengi, kuna mingine: myeupe, minene, imepakwa kwa vidole, ya wanyama waliorahisishwa na maumbo ya duara na mistari. Wataalamu wanaihusisha na wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye. Nyeupe inabanduka. Ni rangi iliyolala juu ya jiwe kama unga, inaondoka kwa vigamba. Nyekundu imeingia. Oksidi ya chuma haipaukishwi na jua, haiozi, chembe zake ni laini sana na zimeshikana na uso wa mwamba. Ndiyo maana katika mapango haya aliyetangulia anaonekana vizuri kuliko aliyemfuata.

Nilimuuliza mzee rangi ilitayarishwaje. Akaokota kijiwe chekundu njiani, akakisugua juu ya bapa la jiwe, akatema mate kidogo, akachora mstari mmoja kwenye jiwe la kawaida lililokuwa mbali na michoro. Mstari ukawa pale, mwekundu. "Hivi tu," alisema, "halafu mafuta ili ishike." Alikuwa ameniwekea mbele ya macho kazi ya kwanza ya ufundi wa rangi: kutafuta jiwe, kusaga, kuchanganya, kupaka. Fundi wa Tabata Bima anafanya hatua ya mwisho tu.

Waliochora wanahusishwa na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, watu wanaosema lugha za vidoko, ambao wote wako hai miongoni mwetu. Wasandawe upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wetu tukisikia "michoro ya kale" tunafikiria watu waliotoweka. Hawakutoweka. Mtafiti Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe miaka ya 1960, aliandika kwamba desturi ya kuchora ilikuwa bado inakumbukwa miongoni mwao, ikihusishwa na uwindaji na matambiko. Aliieleza pia simbo, ngoma ambamo wachezaji wanapandwa na hali nyingine na kuwa simba ili kupambana na uchawi.

Ngoma hiyo imeleta mjadala juu ya mchoro mmoja mashuhuri wa hapa Kolo, unaoonyesha watu watano, wa katikati akishikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili. Mary Leakey aliuona kama tukio la kumteka mwanamke. David Lewis-Williams wa Afrika Kusini, akiandika mwaka 1986, aliusoma kwa namna nyingine: mtu aliyezidiwa na nguvu ya ngoma, na wenzake wanamtegemeza asianguke. Mimi si mtaalamu, lakini nimeshuhudia ngoma za pepo huku pwani, na nimeona jinsi mtu anavyoshikwa mikono na wanaomjali. Nilisimama mbele ya mchoro ule muda mrefu na sikuona mateka. Nipo upande wa Lewis-Williams.

Kwa Mary Leakey, hata hivyo, tuna deni kubwa. Mwaka 1951 alikuja Kondoa na mumewe Louis, wakapitia maeneo 186 na kunakili takriban michoro 1,600. Walibandika karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mstari kwa mstari, siku nzima juani. Kitabu chake kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1983, na jina lake linazungumzia sanaa inayotoweka. Kabla kitabu hicho hakijatoka, Mtanzania mwenzetu, Profesa Fidelis Masao, aliichukua kazi hiyo kwa kina na kuchapisha mwaka 1979 utafiti wake juu ya Zama za Mawe za mwisho na michoro ya Tanzania ya kati. Mwaka 2006 UNESCO ikaingiza Michoro ya Miambani ya Kondoa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia: eneo la kilomita za mraba 2,336, lenye mapango yanayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Mengi ya mapango hayo hayajatulia kama makumbusho. Hapa penyewe, panapoitwa Mungumi wa Kolo, watu bado wanakuja kuomba mvua na kutafuta tiba. Pombe ya nafaka hunyunyizwa, mnyama huchinjwa. Wahifadhi wamelalamika kwamba pombe inaharibu michoro, na kwa upande wa kemia wanasema kweli. Lakini nadhani ni kosa kuwafukuza wenye ibada ili kuwapisha wenye kamera. Mahali hapa palibaki salama kwa karne nyingi kwa sababu watu walipaogopa. Wakae pamoja, mhifadhi na mganga, wapange tambiko lifanyikie upande gani wa mwamba. Mzee alinionyesha kwa fimbo kwamba nafasi ipo.

Kuna umri mwingine chini ya miguu. Katika pango la Kisese II, kwenye vilima hivihivi, Ray Inskeep alichimba mwaka 1956 na kukuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni pamoja na ngeu. Utafiti wa karibuni umeonyesha kwamba baadhi ya shanga zina zaidi ya miaka 40,000. Huko Ethiopia, pango la Porc-Épic karibu na Dire Dawa limetoa vipande zaidi ya 4,000 vya ngeu, uzito wa kilo 40 hivi, vya kipindi kinachokaribiana na hicho. Pango la Blombos, Afrika Kusini, limehifadhi makombe yaliyotumika kuchanganyia rangi miaka 100,000 iliyopita. Na Olorgesailie, nchini Kenya, mwendo mfupi kutoka Nairobi, mwaka 2018 watafiti walitangaza mawe ya rangi yaliyokwanguliwa na kusagwa na watu wa miaka kama 300,000 iliyopita. Umri huo ni sawa na wa binadamu wa namna yetu. Hapajawahi kuwa na wakati ambapo mtu wa Afrika Mashariki alikuwapo na hakuijua ardhi nyekundu.

Na bado ugunduzi unaendelea. Mwezi Juni 2018, ndani ya Pori la Akiba Swaga Swaga, upande wa Chemba, mtafiti Maciej Grzelczyk wa Chuo Kikuu cha Jagiellonia cha Poland aliufikia mwamba wa Amak'hee 4. Michoro yake, karibu yote myekundu, ilikuwa imesalia kwa kuwa jiwe lililojitokeza juu liliizuia mvua. Miongoni mwayo kuna watu watatu ambao vichwa vyao vinafanana na vya nyati.

Kinachoniuma ni mashimo. Katika mapango kadhaa sakafu imefukuliwa na watafuta hazina. Kuna hadithi iliyoenea kwamba Wajerumani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walizika dhahabu na fedha kwenye mapango haya kabla ya kukimbia. Vita vyenyewe vilifika: Mei 1916 majeshi ya Van Deventer, upande wa Waingereza, na ya Lettow-Vorbeck, upande wa Wajerumani, yalipigana Kondoa-Irangi. Hazina hakuna. Aliyechimba kwa sururu alivuruga matabaka ya udongo yenye shanga, mkaa na vipande vya ngeu, vitu ambavyo vingeweza kutuambia michoro ni ya lini. Aliharibu hazina akitafuta hazina. Wengine wameandika majina yao kwa mkaa. Mzee alinionyesha jina moja, kubwa, karibu na miguu ya twiga, na mkono wake ulitetemeka kwa hasira alipoinua fimbo kulielekeza.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza hayo yote. Walinzi ni wachache, mapango yametapakaa vilima vizima, na sheria haipandi mlima yenyewe. Zamani baadhi ya maeneo yaliwekewa vizimba vya waya, na waya ukaenda kwa matumizi mengine. Kinacholinda pango ni mtu anayelitembelea na jirani anayenufaika nalo. Siku niliyokuwa Kolo, kitabu cha wageni kilikuwa na majina mengi ya kutoka Ulaya. Ya kutoka Dar es Salaam yalikuwa ya kutafuta kwa kidole.

Kwa hiyo naandika haya kwa majirani zangu wa Tabata, na hasa kwa walimu wa shule zetu. Kila mwaka mnapeleka watoto Bagamoyo na Mikumi, na ni vizuri. Wapelekeni Kolo. Treni inafika Dodoma, lami inapita mlangoni mwa ofisi, mwongozaji yupo. Nendeni wakati wa kiangazi, vaeni viatu vya kupandia mawe, bebeni maji ya kunywa na msimwage hata tone juu ya mwamba. Msiguse, msiandike, msiokote. Mwongozaji mlipeni vizuri. Na kabla ya kuondoka, andikeni kwenye kitabu cha wageni kwamba mmetoka Tabata.